Mpira kufika kwanza si ruhusa ya kufunga njia

Wasee, najua besiboli hapa kwetu ina watu wachache, lakini hii kitu imenikaa kooni. Kila klipu ya mkimbiaji akigongana na mdakaji pale besi ya nyumbani, lazima mtu aandike: "Mpira ulifika kwanza, huyo ni auti, refa mwizi." Zii. Someni sheria. Mimi niliacha kampasi, lakini kurasa mbili hazinishindi.

Sheria ya ligi kuu ya Marekani ilikuja 2014. Mkimbiaji asitoke kwa njia yake ndio aende kumgonga mdakaji. Na mdakaji asiye na mpira asimfungie njia, isipokuwa mpira wenyewe ndio ulimvuta pale akiudaka. Halafu hata akisimama vibaya, si kosa mpaka awe amemzuia jamaa kweli. Kwa hivyo refa haulizwi tu nani alifika kwanza. Anaulizwa mguu wa mdakaji ulikuwa wapi mpira ukiwa bado hewani.

Chukua tarehe 7 Agosti 2022, kule Minneapolis. Twins na Blue Jays wako 2-2, kipindi cha 10. Tim Beckham anarusha, Gary Sánchez anadaka, anamgusa Whit Merrifield. Auti. Video inaangaliwa, uamuzi unapinduliwa, Toronto wanashinda 3-2. Meneja wa Twins, Rocco Baldelli, aliwaka vibaya sana, na mpaka leo kuna watu wanaapa waliibiwa.

Hawakuibiwa. Kutoka besi ya tatu ni kama mita 27, na mkimbiaji anachagua ateleze upande gani kabla hajafika. Ukishamfungia mlango, kumwambia ati alichelewa ni kumchezea.

Mahali nawapa Twins haki ni hapa: uamuzi kama huo ulikuwa nadra. Wadakaji walishajua refa atafumba macho, wakazoea kusimama kwa laini. Hiyo ni makosa ya marefa, si ya sheria. Ukipuliza siku moja na kunyamaza siku kumi, hiyo si sheria tena, ni mtego.

Na nyinyi wa "mchezo umekuwa laini", mnakumbuka Buster Posey? Mei 2011, Scott Cousins alimwingia kwa bega, mpira haukuwa hata kwa glavu. Mguu ukavunjika, kano za kifundo zikakatika, msimu ukaisha hapo. Na wakati huo ilikuwa halali kabisa! Mimi nilikuwa golikipa wa mtaa, nikaingiwa hivyo mara moja tu, na goti bado hunikumbusha nikipanda ngazi. Sikuwa na daktari wa timu.

Mwenye ako na klipu ya kunipinga alete. Lakini aisimamishe kabla mpira haujafika, tuangalie miguu kwanza.