Kitandililo: katikati ya viwanja viwili, mbali na vyote

Wadau, hebu fungueni ramani ya Nyanda za Juu Kusini. Huku kuna Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa. Kule kuna Songwe, uwanja wa Mbeya. Pitisha rula kati yao, unapata kama kilomita 300. Kwa ndege ya panga boi hiyo ni safari isiyofika saa nzima angani.

Sasa shuka chini. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 350: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, halafu ulivuke jiji zima la Mbeya. Basi mwisho spidi 80, kwenye makazi 50, na mbele yako malori ya Tunduma yanapanda mlima kwa kujikongoja. Hapo masaa sita ni bahati.

Katikati ya njia hiyo iko Makambako, na kata yake ya Kitandililo. Ukitazama ramani utasema wana bahati hao, viwanja viwili! Ukitazama saa, hawana hata kimoja.

Tuseme uko Dar, simu inaingia: baba amefariki, mazishi kesho. Unakopa nauli ya ndege. Saa moja ya foleni mpaka uwanjani, masaa mawili ya kusubiri, saa moja na nusu angani. Unatua Songwe ukidhani umefika. Thubutu! Uwanja huo ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012 ulichukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa ndani ya jiji. Ndege kubwa zilihitaji nafasi, sawa. Ila Songwe iko magharibi ya Mbeya, Makambako iko mashariki. Bado una karibu kilomita 200, yaani masaa manne, kisha bodaboda ya kuingia kijijini. Jumla ni masaa nane na ushee. Basi la moja kwa moja kutoka Dar ni kama kumi na mbili, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku.

Kwa hiyo deni lote lile limenunua masaa matatu, manne hivi.

Kuna wanaosema dawa ni kuweka lami kiwanja cha Njombe, kilomita 60 tu kutoka Makambako. Sipingi. Lakini kiwanja bila usafiri unaosubiri ndege ni picha nzuri ya kufungulia sherehe. Mimi ningeanza na kitu cha bei nafuu zaidi: basi linaloondoka Songwe kwa ratiba ya ndege, likishusha watu Uyole, Igawa na Makambako, na barabara ya kata inayopitika wakati wa mvua.

Tumezoea kuhesabu viwanja na kilomita za lami. Tuanze kuhesabu masaa, kuanzia mlangoni mwa mtu mpaka mlangoni kwao. Kaburi halisubiri ramani.

Naomba kuwasilisha.