Wafu Hawaandiki Vitabu

Wako watu wasemao kwamba ulevi ni mama wa sanaa, na kwamba mwanamuziki hawi stadi mpaka aonje sumu. Husoma vitabu vya wanamuziki wa roki walioangukia katika dawa za kulevya kisha wakainuka, nao hunena: "Yule alitumia, akapona, akatajirika, hasara i wapi?" Hoja hii ni mbovu, na kijana aiaminiye huyaweka maisha yake rehani.

Tazama maisha ya Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, aliyoyaandika mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2007. Sifa yake ilikwisha kuenea kabla heroini haijamtawala; basi heroini haikumpa ustadi. Ilimpa nini? Kati ya mwaka 1971 na 1973 alijitenga nyumbani, na jukwaani alionekana mara chache mno. Alipoiacha heroini aliruka majivu akakanyaga moto, maana pombe ilimshika. Aliingia matibabuni mwaka 1982, akaurudia ulevi, akaingia tena mwaka 1987, ndipo alipookoka. Hiyo ndiyo njia wanayoisifu!

Yamkini mtu atajibu kwamba mwisho wake ulikuwa mwema. Naam, ulikuwa mwema kwake. Walakini Jimi Hendrix na Janis Joplin walikufa mwaka 1970, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 27: Hendrix baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi, Joplin kwa heroini. Vitabu vyao vya kupona viko wapi? Wafu hawaandiki. Mtu ahesabuye waliookoka peke yao ni sawa na ahesabuye mashua zilizofika bandarini, kisha akasema kwamba bahari haizamishi.

Clapton mwenyewe hakuwaachia vijana mwaliko. Mwaka 1998 alianzisha nyumba ya matibabu ya walevi katika kisiwa cha Antigua, na mwaka 1999 aliuza magitaa yake 100 mnadani ili kuisaidia. Mtu hajengi nyumba ya matibabu kwa ajili ya jambo lisilodhuru.

Kwa hiyo, msomaji, kitabu cha namna hii kisome, lakini ukisome kama baharia asomavyo alama ya mwamba, apate kuuepuka.