Umeme Upimwe Pia Kwenye Transfoma

Mtu anunuaye umeme wa luku, yaani wa kulipia kabla, hupewa tokeni ya tarakimu 20, akazibonya moja baada ya moja mbele ya mita yake, na yuniti zikaingia. Naye hana deni, wala shirika la umeme halimdai. Na kwa kuwa hesabu hiyo huonekana kwa macho, aghalabu twadhani kwamba umeme wote wa nchi umekwisha kuhesabiwa. Dhana hiyo si sahihi.

Mita nyingi za namna hii ni za kupokea tu. Hukubali tarakimu, hupunguza yuniti, na zikiisha hukata umeme, lakini hazina njia ya kumjulisha muuzaji kwamba mwenye nyumba amepitisha waya wa pili kando yake. Jambo hili lilidhihirika mwaka 2024. Kila tokeni ilibeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, ambazo zilikuwa zitimie tarehe 24 Novemba 2024. Ikabidi wateja, Tanzania na Kenya, waingize kwa mikono yao makundi ya ziada ya tarakimu ili mita zao ziendelee kukubali tokeni, kwa maana hapakuwa na njia ya kuzifikia kutoka mbali.

Baina ya kituo cha kupozea umeme na mlango wa mteja, umeme hupotea kwa sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya maumbile: waya hupata joto, na mkondo ukizidi maradufu joto hilo huwa mara nne, ndiyo maana transfoma iliyobebeshwa mtaa mzima hupoteza zaidi saa za jioni, taa na pasi zikiwaka pamoja. Ya pili ni ya wanadamu, yaani kazi ya vishoka, mafundi waungao umeme kinyume cha sheria, na wateja wao. Dawa ya ile ni waya mnene na transfoma ya pili. Dawa ya hii ni ukaguzi na sheria. Na asiyejua kadiri ya kila moja atanunua waya palipohitaji mkaguzi, na kumtuma mkaguzi palipohitaji waya.

Msimamizi mwangalifu wa kituo cha mafuta hafanyi hivyo. Asubuhi, kabla ya gari la kwanza, hufungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti chenye alama, akasoma ulowevu ulipokomea, kisha akalinganisha: mafuta yaliyolala, ongeza yaliyoshushwa, toa yaliyopita kwenye pampu. Kijiti kikionyesha pungufu lisilo la kawaida, hutafuta siku ile ile kama tangi lavuja, au pampu imepotoka, au pana mkono wa mtu.

Umeme wastahiki daftari kama hilo. Kila transfoma iwe na mita yake, ipelekayo hesabu kwa mtandao wa simu, na kila mwezi hesabu hiyo ilinganishwe na yuniti zilizouzwa kwa nyumba zilizofungwa kwayo. Mwezi, si siku, kwa sababu mtu aweza kununua leo akatumia wiki ijayo. Kazi ngumu haitakuwa mita, bali kujua kwa yakini nyumba ipi imeshika transfoma ipi, jambo lihitajilo mafundi kufuata waya kwa waya, nguzo kwa nguzo.

Watakaosema kwamba gharama ni kubwa wana hoja, walakini si lazima kuanza kote. Ianzwe mitaa ambayo transfoma zake huungua mara kwa mara. Na wanaotaka kila nyumba ipewe mita ya kisasa wangojee kidogo, kwa kuwa mita moja ya transfoma huchunguza nyumba nyingi pasipo kupeleleza hata moja.

Tanzania imejenga katika mto Rufiji bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115, nalo ni jambo la fahari. Lakini kuzalisha zaidi hakuzibi palipovuja. Basi upotevu wa umeme na utangazwe kila mwaka, wilaya kwa wilaya, maana hasara hiyo imo ndani ya bei ya kila yuniti, na anayeilipa ana haki ya kuonyeshwa ilikopotelea.