Meza Yetu: Sambusa za Kuchemsha



Kila mama aliyewahi kupika nusu kilo ya nyama kwa watu saba anaijua hesabu yake. Baba finyango tatu, watoto moja moja, na mama hubaki na mchuzi akisema ameshiba. Sisi wa Handeni na wenzetu wa Korogwe tumeifanya hesabu hiyo miaka mingi.

Mwezi huu tunawaletea chakula cha Wachina, hasa wa kaskazini, kiitwacho jiaozi. Tumekipa jina la sambusa za kuchemsha, maana ni nyama ndani ya unga wa ngano, ila hakihitaji karai la mafuta. Kwao, mkesha wa mwaka mpya, jamaa nzima hukaa pamoja kuzikunja. Nyama wanayoipenda humo ni ya nguruwe. Sisi tunatia ya ng'ombe au mbuzi, kwa sababu majirani zetu wengi ni Waislamu, na sahani ikivuka ua tunataka iliwe bila wasiwasi.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, chumvi kidogo na maji baridi kiasi cha robo lita. Tia maji kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Hapo ndipo tulipoharibu mara ya kwanza. Tulikanda laini kama tulivyozoea, zikapasukia sufuriani, tukala uji wa nyama. Watoto wanatucheka mpaka leo. Funika donge kwa nusu saa.

Nyama nusu kilo isagwe au ikatwekatwe sana. Kabichi, hizi zinazoshuka Korogwe kutoka Lushoto, nusu yake yatosha: ikate nyembamba, nyunyiza chumvi, iache dakika 10, kisha ikamue kwa mikono kwa nguvu. Usipokamua, maji yake yatalowesha unga. Changanya na tangawizi, kitunguu saumu, vitunguu majani na kijiko cha mafuta. Sosi ya soya ukiipata vema, usipoipata usihangaike.

Kata donge vipande 45, kila kimoja ukisukume kiwe duara la upana wa mdomo wa kikombe. Weka nyama kijiko cha chai, kunja nusu, bana kingo.

Kazi hii, mama, huiwezi peke yako. Ukifika ya mwisho, ya kwanza imeshanata kwenye sinia. Ita watu. Baba mmoja wa Handeni, ambaye hatumtaji asije akatununia, alikuja jikoni kuuliza chakula kiko wapi, akapewa kijiko. Alikunja tisa, mbili zikapasuka, akazila mwenyewe akidai ndizo tamu. Wakiwa katika kukunja, mwanawe wa darasa la sita akasema, bila kuinua macho, kwamba tangu mwezi uliopita hana daftari la hesabu na huwa anasimamishwa nje. Alikuwa hajathubutu kumwambia mtu. Baba yake hakugomba. Alisema, "Kesho tutanunua," akaendelea kubana kingo.

Maji mengi yachemke sana. Tia sambusa 15 kwa mara moja, koroga taratibu zisishike chini. Zikielea, ongeza nusu kikombe cha maji baridi. Yakichemka tena, ongeza tena, mpaka mara tatu, kisha opoa. Maji hayo usimwage, Wachina huyanywa kama supu. Handeni, ambako maji husukumwa kwa mabomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, na siku yasipofika hununuliwa kwa ndoo, ushauri huo hatukuhitaji kufundishwa mara mbili.

Pembeni weka siki yenye pilipili na saumu iliyopondwa.

Gawa sita kwa kila mtu: baba sita, mtoto sita, nawe mama sita. Zitabaki tatu. Hizo zifunike, mpelekee jirani zingali moto.