Moto wa Jehanamu na Wafu wa Kalehe

Maandiko ya Wakristo wa kwanza hayana sauti moja kuhusu jehanamu. Injili ya Matayo, sura ya 25, yawapeleka motoni waliowanyima wenye njaa chakula. Paulo ataja hukumu mara nyingi, lakini hachori mahali pa mateso. Picha zenyewe zimo katika Ufunuo wa Petro, kitabu cha karne ya 2 kisichoingia katika Biblia.

Sehemu ya kitabu hicho ilifukuliwa kaburini Akhmim, Misri, katika miaka ya 1880. Nakala iliyo kamili zaidi ilitunzwa na Wahabeshi kwa lugha ya Ge'ez. Humo waliotoza riba juu ya riba wamezama hadi magotini katika ziwa la usaha na damu. Matajiri waliowapuuza yatima na wajane wamevaa matambara, wakigaagaa juu ya changarawe za moto zenye makali kuliko upanga. Wauaji wamo shimoni pamoja na wadudu watambaao, na roho za waliouawa zimesimama juu yao, zikikiri kwamba hukumu ya Mungu ni ya haki. Wazinzi wamo pia, tena si wachache. Lakini aliyedhulumiwa hakutiwa motoni pamoja na mdhalimu wake, na hilo lafaa kuzingatiwa sana Bukavu, mashariki mwa Kongo, maafa yanapoitwa adhabu.

Muda wa adhabu ulizusha ubishi. Origene wa Aleksandria, karne ya 3, alifundisha kwamba mwenye dhambi hujiwashia moto wake mwenyewe, na kwamba Mungu huadhibu ili aponye. Mafundisho yaliyofungamana na jina lake yalilaaniwa mwaka 553. Agostino, katika Mji wa Mungu, alishikilia kwamba moto ni wa kweli na wa milele. Kanisa la Magharibi likamfuata, na ndivyo wamisionari wa Mapadri Weupe walivyofundisha Kivu.

Maafa ya dunia ni jambo jingine. Mwaka 197 Tertuliani wa Kartago aliwakemea wapagani waliowalaumu Wakristo kila mto Tiber ulipofurika au ardhi ilipotetemeka. Sipriani, kiasi cha miaka 50 baadaye, aliiona tauni kuwa ghadhabu ya Mungu. Hapo hafai kufuatwa, kwa maana Injili ya Luka, sura ya 13, yakataa waziwazi kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wengine.

Hata Kivu maafa yamekuja: tetemeko lililoikumba Bukavu tarehe 3 Februari 2008 lilikuja Jumapili. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia waumini wakiwa ibadani. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yaliikumba Nyamukubi, wilayani Kalehe, siku ya soko. Huko na katika kijiji jirani cha Bushushu walikufa watu zaidi ya 400. Baada ya maafa kama hayo hazikosi sauti za kusema kwamba marehemu wameadhibiwa. Wahubiri waache maneno hayo. Wafiwa waliozika watoto wasibebeshwe hatia juu ya msiba. Anayetaka kuhubiri moto awahubirie wanaoua vijijini, wanaowapora wajane mashamba, na wanaouza viwanja kwenye miteremko ya Kadutu, mjini Bukavu, wakijua udongo utaporomoka. Tena awaombee: katika kipande kimoja cha kale cha Ufunuo huohuo, wateule wawaombea walio mateso­ni, na Bwana awapa kila waliyemwombea.