Kofia ngumu na usalama wa barabarani mkoani Katavi

Kofia ngumu (pia: helmeti) hulinda kichwa cha mwendesha pikipiki au baiskeli. Nchini Tanzania Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaidai kwa pikipiki, si kwa baiskeli. Australia ilianza kuwalazimisha waendesha baiskeli mwaka 1990. Uholanzi haikuwalazimisha, ikawajengea njia zao.

Mjini Mpanda, makao makuu ya mkoa, suala ni la pikipiki kwanza. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia ya abiria wa bodaboda hupita vichwa vingi kwa siku. Wapo wanaoikataa kwa kuogopa fangasi, au wasiharibu nywele walizosuka. Hofu hiyo si upuuzi. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani kingesaidia, ila nani akinunue, dereva au abiria?

Baiskeli yenye gunia la mkaa kwenye lami ya Sitalike ni habari nyingine: kofia haizuii lori kuigonga. Hapo mabega mapana ya barabara yangefaa zaidi.