Daftari la baba lililonasa ndani ya kompyuta ya zamani

Ugomvi ulianzia msibani. Mtoto wa kwanza wa familia moja ya Ndalambo, wilayani Momba, alianguka ghafla akiwa na miaka 47. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukapinda, na siku ya nne akafariki. Hata arobaini haijafika, shangazi wa marehemu alikuwa ameshaanza kunyooshewa kidole.

“Huyu ni wa tatu,” alisema baba mdogo mbele ya wanaukoo. “Na wote wanaondoka kwa mtindo uleule.”

Mama wa marehemu, ambaye kama wengine wa familia hiyo jina lake limehifadhiwa, hakujibu siku ile. Alijua kwamba mumewe, mwalimu mstaafu aliyetangulia mbele za haki, alikuwa na tabia ya kuandika kila ugonjwa na kila kifo cha ukoo: tarehe, umri, na maneno ya daktari kama alikuwepo. Shida ni kwamba mwalimu hakuandika kwenye daftari. Aliandika kwenye kompyuta aliyoinunua miaka ya 1990 kutoka ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa, na kompyuta hiyo ilikuwa stoo, imefunikwa kiroba, haijawashwa kwa miaka mingi.

Watu wa rika la mwalimu hawakukua na mashine hizi. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu 1965 pale Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na wengi walikuja kuzigusa baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Walichojifunza wakati huo ni WordStar ya kuandikia barua, Lotus 1-2-3 ya mahesabu na dBase ya orodha. Walioshika wakashika hasa, na hawakubadilisha.

Kitinda mimba wa familia aliibeba kompyuta hadi Tunduma. Fundi wa kwanza akaitazama dakika mbili, akatoa tiba ya mtaani: apige Windows mpya. Ni sawa na kumpelekea mtu daftari lililochanika jalada, akalichoma moto, kisha akakukabidhi jipya lisilo na hata mstari mmoja. Kijana alikataa, na kwa kukataa huko aliokoa kila kitu.

Fundi wa pili hakuiwasha kabisa. Alichomoa diski kuu, akaiunganisha kwa adapta ya USB kwenye laptop yake, akanakili kila folda kwenye flashi. Yote kwa pamoja haikufika MB 500, nafasi ambayo leo hujazwa na video moja ya harusi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kunakili kwanza, ufundi baadaye. Diski ya miaka hiyo inaweza kuamka mara moja ya mwisho isiamke tena. Na ile skrini nene ya kioo iachwe ilivyo. Ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kioo chake kina madini ya risasi, kwa hiyo si kitu cha watoto kubomoa wakitafuta sumaku na waya.

Faili za Lotus hazikusumbua. LibreOffice, programu ya bure, ilizifungua moja kwa moja: mavuno ya mahindi na maharage, madeni, ada za shule. Mtu mwenye faili za zamani aanze hapo kabla ya kuhangaika na mengine.

Maandishi ya ukoo ndiyo yaliyogoma. Yalipofunguliwa kwa Notepad, neno “baba” lilisomeka “babá”, “mtu” likawa “mtõ”, “kifo” likawa “kifï”. Matoleo ya zamani ya WordStar yalikuwa yakiweka alama ya siri kwenye herufi ya mwisho ya neno ili kupanga mistari, na kompyuta za sasa huisoma alama hiyo kama herufi nyingine kabisa. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, basi ukurasa mzima unakuwa kama umeandikwa na Mreno mlevi. Kwa maneno mtu anaweza kubahatisha. Kwa tarakimu ni hatari: “47” ilionekana “4·”, na “210/130” ikawa “210/13°”. Katika ugomvi wa aina hii, umri na vipimo vya presha havibahatishwi. Isitoshe, baba mdogo angesema vijana wameandika wenyewe.

Dawa ilikuwa kuifungua kwa WordStar yenyewe, ambayo nayo ilikuwemo kwenye diski. Laptop ikakataa. Programu za DOS ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi. Windows za biti 32, hata Windows 10, zilikuwa bado na njia ya kuziendesha, lakini Windows 11 haina toleo la biti 32. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanahama, na programu za namna hii zinabaki nyuma.

Hapo ndipo inapoingia emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Kwa DOS, inayojulikana zaidi ni DOSBox, ya bure, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Faili yake ya kusakinisha kwa Windows haifiki MB 2, hivyo hata bando dogo la simu linatosha. Si teknolojia ya watoto wa gemu peke yao. Mwandishi wa riwaya wa Canada, Robert J. Sawyer, bado anaandika kwa WordStar, na mwaka 2024 aliweka mtandaoni mkusanyiko wa WordStar 7 pamoja na emuleta za kuiendesha. George R. R. Martin wa Marekani naye amewahi kueleza kuwa anaandika kwa WordStar 4.0 kwenye mashine ya DOS.

Kijana aliweka folda zote za baba yake ndani ya folda moja aliyoiita “mwalimu” kwenye diski C. Akafungua DOSBox, akaandika mount c c:\mwalimu, akabonyeza Enter, akaandika c: na Enter tena, kisha akaingia kwenye folda ya WordStar na kuandika ws. Programu ikaamka kama iliachwa jana.

Kuna mambo ya kuangalia. Kipanya kikinasa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 hukiachia. Programu ikienda kwa kasi ya ajabu, Ctrl na F11 huipunguza, na Ctrl na F12 huiongeza. Ctrl na F9 isiguswe ovyo, maana huizima DOSBox papo hapo bila kuuliza kama kazi imehifadhiwa. DOSBox ya kawaida haichapishi kwenye karatasi. Anayetaka kuchapisha atumie ndugu yake, DOSBox-X. Na kama programu ni ya enzi za Windows 95 au 98, DOSBox ya kawaida si mahali pake, zitafutwe emuleta kubwa zaidi kama 86Box.

Jumapili iliyofuata laptop iliwekwa juu ya meza sebuleni.

“Shemeji, kaa hapa usome mwenyewe,” mama alimwambia baba mdogo.

Alikaa. Aliitambua ile skrini, kwa sababu aliwahi kumwona kaka yake akiandika mbele yake usiku kwa usiku. Akasoma kwamba dada yao alianguka 1988, na mdogo wao 1995, ambaye hospitali ilimkuta na presha 210/130. Juu ya hao kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeutarajia: mwaka 1961 baba yao mwenyewe alianguka shambani, mdomo ukapinda, hakuongea tena. Shangazi anayetuhumiwa alikuwa na miaka mitano.

Hakuna faili linaloweza kumpima mtu presha. Linachoweza ni kumwambia nani apimwe mapema, kwa kuwa shinikizo la juu la damu hufuata koo na mara nyingi halina dalili hadi siku ya kiharusi. Daktari anapouliza kama kuna aliyewahi kuanguka nyumbani, familia nyingi hujibu hapana kwa sababu tu waliojua wameshazikwa. Watoto watano waliobaki walikwenda kupima, na wawili wakakutwa juu ya 140/90. Wameanza dawa, na kitinda mimba, mmoja wa hao wawili, amepunguza chumvi kwa kulalamika.

Baba mdogo hajaomba radhi. Alisema kompyuta nayo huandika anachotaka aliyeishika. Lakini wiki iliyofuata alipanda gari hadi Tunduma, mahali asikojulikana, akapima, akakuta 168/100, na habari hizo zilifika nyumbani kabla yake.

Shangazi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliomba achapishiwe ukurasa ule wenye 1961. Ameukunja na kuuweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja chake.